Tofali la Gaspari

Kipimajoto nilikitundika kwenye msumari uleule uliobeba picha ya Bikira Maria, kwa kuwa ukuta wa chumba cha mama haukuwa na msumari mwingine. Asubuhi ya kwanza kilisoma nyuzi kumi na tatu. Nje, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvubu ukaimeza migomba yote hadi uani, nami nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na soksi mbilimbili miguuni, nikiandika kwenye daftari tarehe, saa na nyuzi. Mama alikuwa ndani ya sweta mbili na koti la marehemu baba, blanketi limemfika puani. Alinitazama mimi, akamtazama Bikira Maria, kisha akauliza ni yupi kati yake na Bikira niliyemwona ana homa.

Ndiye Rozalia huyo, mama yangu. Mwili wake umekwenda na umri, lakini ulimi umebaki nyuma ukicheza.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nafundisha Biharamulo, huko chini ambako hata mwezi wa saba shuka moja humtosha mtu, na naishi peke yangu tangu mume wangu afariki miaka mitatu iliyopita. Kwa miaka ishirini na miwili nimewafundisha watoto wa watu kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Wamezikariri, nami nimezisahihisha kwa wino mwekundu bila kuzifikiria tena. Kibimba, nilikozaliwa, huwa nafika Krismasi na Pasaka, nikalala usiku mmoja na kuondoka na mkungu wa ndizi. Mama hunisindikiza hadi barabarani, na kila mara husema kwamba nimekuja kama aliyekuja kupalia moto. Zamani, kabla viberiti havijazagaa, mtu aliyefika kwa jirani kupalia moto hakukaribishwa kiti, maana kaa lingemfia kigaeni kabla hajafika kwake. Nilikuwa nikicheka, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kujibu.

Mwaka huu sikuja kupalia moto. Nilikuja kwa siku kumi nzima za likizo ya Juni, nikiwa na kipimajoto cha shule nilichoazima kwa sahihi, kwa sababu mama yangu alikuwa anakaribia kuhamishwa kutoka nyumbani kwake.

Mambo yalianza mwaka jana, mwezi huuhuu wa sita, kichomi kilipomlaza hospitalini wiki mbili. Siku ya kumruhusu, daktari alituita mimi na mdogo wangu Clever, akatueleza kwamba mapafu ya mama yamechoshwa na vitu viwili, moshi wa miaka sitini na baridi ya miaka yote. Asikae tena na moshi, asipigwe tena na baridi. Kichomi kingine hatakihimili. Alisema kwa upole, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine na kutuacha na fumbo letu. Kwetu baridi hufukuzwa na moto, na moto wetu ni wa kuni. Kumwokoa mama na kimoja kulikuwa kuruka majivu na kukanyaga moto.

Clever alikwishapata jibu lake. Anaishi Mwanza, ana nyumba yenye chumba cha wageni, na Mwanza hakuna baridi. Tumchukue mama, tufunge nyumba, mashamba apewe mtu wa kuyaangalia. Mama alipoulizwa alisema amesikia kwamba miamba ya Mwanza ina joto zuri, ila yeye hafahamiani na mwamba hata mmoja. Baada ya hapo akatoka, akaenda nyuma ya migomba alikozikwa baba, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Nilimwomba Clever anipe siku kumi. Ikiwa siku ya kumi chumba cha mama hakitakuwa na joto lisilo na moshi, basi ya kumi na moja aje na gari, nami nitamsaidia kufunga mizigo. Akakubali. Clever ni mtu wa haki, na watu wa haki wana ugumu wao.

Siku hiyohiyo ya kwanza, mama alipokwenda kusali na wenzake wa jumuiya, niliingia jiko la zamani na ufagio. Ni chumba kilichosimama peke yake uani, kuta zake zimepakwa masizi tangu mimi sijazaliwa. Niliyatoa mafiga yote matatu. Nilitoa vyungu vyenye nyufa, mwiko uliobaki mpini, na tofali moja jeusi lililoliwa pembe, lililokuwa limesimamishwa majivuni karibu na mafiga. Kando yake palikuwa na kipande cha gunia kilichoungua kingo, nikakitupa shimoni. Fundi Kazimili, mchoma matofali wa bondeni ambaye ujana wake wote alifanya kazi na baba yangu, alikuwa amekuja kujenga kijukwaa cha kuwekea mtungi wa gesi nje ya ukuta wa nyumba. Akauliza kama kuna matofali ya zamani ya kujazia. Nikamwonyesha rundo.

Mama aliporudi alisimama mlangoni pa jiko, rozari bado mkononi. Aliuliza vitu vimekwenda wapi. Nikamweleza, tena kwa fahari, kwamba moshi umekwisha katika nyumba hii. Aliuliza kama nimeondoa vyote, nikamwambia vyote. Akazunguka nyuma, akakitazama kijukwaa cha Kazimili kwa muda, saruji ikiwa bado mbichi, akasema kazi ni nzuri. Akaingia ndani kuvaa sweta ya pili.

Nilianza na mkaa, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nilijua hatari yake, nimeifundisha. Kwa hiyo niliuwashia nje mpaka ukawa mwekundu wote, nikauingiza na dirisha nikaliacha wazi kiasi cha kiganja. Joto liliingia kwa mlango, baridi ikaingia kwa dirisha, na mama katikati akawa anaangalia pambano hilo. Asubuhi nyuzi zilikuwa kumi na saba, lakini aliamka na kichwa kizito, akisema kama aliyekesha kwenye pombe ya arusi bila kuionja. Nikalitoa jiko siku hiyohiyo na sikulirudisha.

Ikafuata gesi. Niliingiza mpira kupitia tundu la ukuta, nikaweka jiko la sahani mbili chumbani nikaliwasha jioni nzima, mimi mwenyewe nikililinda. Nyuzi zilipanda hadi ishirini. Nilifurahi, nikaziandika kwa tarakimu kubwa. Lakini chumba cha mama hakina dari, na moto wa gesi hutoa mvuke. Mvuke ukapanda, ukakuta bati la baridi, ukageuka maji, na katikati ya mwezi wa sita mvua ikaanza kunyesha ndani ya nyumba huku nje ni kiangazi kikavu. Tone la kwanza lilimpata mama kwenye paji la uso. Alifanya ishara ya msalaba, akaniambia kwamba alikwisha kubatizwa. Jiko la gesi likahamia kule uani, kwenye jiko la zamani, kwa mpira mrefu uliovuka ua, likawa la kupikia tu.

Clever naye alituma hita ya umeme kwa basi, imefungwa vizuri kama jeneza la mtoto wa mfalme. Hita ilishinda zote kwa hesabu, nyuzi ishirini na mbili, bila moshi wala tone. Ila ilimkausha mama koo akakohoa mpaka nikaogopa, na usiku wa pili umeme ulikatika, baridi ikarudi kwa hasira kama mwenye nyumba aliyekuta wapangaji wamebadilisha kitasa. Usiku wa tatu niliamka nikakuta hita imezimwa ilhali taa ya sebuleni inawaka. Mama ndiye aliyeizima. Nilipomuuliza asubuhi alisema lile jicho lake jekundu linamtazama, naye tangu afiwe hajazoea kutazamwa akiwa kitandani.

Nikaongeza mablanketi, nikajaza maji ya moto kwenye chupa na kuzifunga kwa khanga. Usiku wa manane zilikuwa zimepoa kama samaki. Na kila asubuhi, baada ya kusoma kipimajoto, nilipenyeza mkono chini ya blanketi nikashika miguu yake. Nyuzi kumi na saba, ishirini, ishirini na mbili, miguu ilikuwa baridi ileile. Nilimuuliza anasikiaje. Alisema vizuri. Mama yangu akikujibu neno moja, jua kuna mengine ameyakalia.

Nilianza kuingiwa na woga. Jioni ya siku ya saba nilikaa barazani na daftari langu, nikazipitia safu za tarakimu zilizonyooka, na swali likanijia ambalo sikuliandalia safu. Mbona sisi hatukusikia baridi? Tulikuwa watoto watano katika nyumba hii, tukalala kitanda kimoja kwa mlalo wa samaki, kichwa huku na miguu kule, na blanketi letu lilikuwa moja, lenye tundu ambalo kaka yetu Frednand alipenda kupitisha kidole. Ukungu ulikuwa huuhuu. Bati lilikuwa hilihili. Nilikumbuka njaa ya mwaka wa ukame, nilikumbuka viroboto, nilikumbuka hata harufu ya sabuni ya baba, lakini baridi ya kitandani sikuikumbuka. Nilikumbuka joto. Lilikuwa miguuni, upande wa ukutani, na tulikuwa tukiligombea. Sikukumbuka lilikuwa ni nini, na nilisikitika kwa kiasi kilichonishangaza, kama mtu aliyesahau jina la ndugu yake.

Asubuhi ya siku ya nane niliingia na daftari, nikakuta kitanda kitupu. Koti la baba halikuwepo. Mkongojo haukuwepo. Nikaangalia chooni, nikaangalia jikoni, nikaenda nyuma ya migomba, hakuna mtu, ukungu tu na nyasi zilizolala kwa umande. Nilipiga kelele nikimwita, sauti ikarudi imelowa. Nilitelemka njia ya bondeni nikikimbia na ndara zangu, nikijihesabia makosa: kichomi kingine hatakihimili, kichomi kingine hatakihimili. Nilikuwa nimeanza kulia kabla sijasikia kicheko chake.

Tanuri la Kazimili lilisimama kwenye uwanda wa udongo mwekundu, refu kuliko mtu, limekandikwa tope pande zote. Moto wake wa magogo ya mkaratusi ulikuwa umemaliza kazi yake siku mbili nyuma, na midomo ya chini ilikwishazibwa, hivyo hakukuwa na moshi hata wa kuwasha pua. Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye magogo, wameegemeza migongo kwenye tanuri, kila mmoja na kikombe chake cha uji. Wa katikati alikuwa mama yangu, na Kazimili mwenyewe alikuwa amechuchumaa kando yao. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa amevua na soksi, nyayo zake zimebandikwa kwenye kitako cha tanuri, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa siku saba.

"Pima na huku, Mwalimu," akaniambia.

Sikuwa na kipimajoto. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri. Joto lilikuja taratibu, zito, halina haraka ya kwenda popote, likapanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Ndipo nikamwona baba yangu Gaspari akiingia mlangoni jioni, kofia imejaa vumbi jekundu, amekumbatia kitu ndani ya gunia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikausikia mvuke wa gunia lenye unyevu. Nikasikia sisi watano tukipiga kelele kwamba leo ni zamu yangu, leo ni zamu yangu, na baba akikisukuma kile kitu chini ya blanketi, upande wa ukutani.

"Baba alikuwa akituletea tofali," nikasema.

Mama alimtazama Kazimili, na Kazimili akatazama chini. Wale wazee wengine wawili walikunywa uji wao kwa bidii ya ghafla.

"Kumbe unakumbuka," mama akasema.

Akanieleza hapo hapo, nyayo zake zikiwa bado kwenye tanuri, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei za sokoni. Siku tulizokuwa wadogo, baba hakuacha kuleta matofali, wakati wa kuchoma akiyatoa tanurini, wakati usio wa kuchoma akiyapasha jikoni pembeni mwa mafiga. Tulipooa na kuolewa mmoja mmoja, likabaki moja tu la kupasha, la wao wawili. Tanuri lake la mwisho alilichoma miaka kumi na miwili iliyopita, kifua chake kikiwa tayari kimeanza kumsumbua. Alipolifungua alichagua tofali la katikati kabisa, ambalo wachomaji husema ndilo lililoiva kuliko yote, akalileta nyumbani na kumwambia kwamba hili haliuzwi. Mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo mama alikuwa akilipasha kila jioni ya kiangazi, akalifunga kwenye gunia, akalilaza pale alipokuwa akilala baba.

"Miaka kumi na moja upande wake haujapoa," akasema.

Nilihesabu mwenyewe. Zilikuwa siku saba.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwana wanje? Kwamba mama yako analala na tofari?" Akamalizia uji wake. "Na mlikuwa mmefurahi sana na mtungi wenu."

Kazimili alinyanyuka, akachukua nyundo na tindo bila kuambiwa. Tulipanda mlima sote watatu, mama mbele na mkongojo wake, na mimi nyuma kabisa, mahali panaponistahili. Kile kijukwaa kilikuwa imara, maana Kazimili hajui kujenga vibaya. Alishusha mtungi. Akapiga magoti, akagonga safu ya juu ikatoka, na chini yake, katikati ya saruji, tukauona uso mweusi wenye pembe iliyoliwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile aliliona ni jeusi akadhani ni figa bovu. Angeligeuza tu angeijua kazi ya mzee. Yeye ndiye aliyeukanda udongo wake.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema, ingawa aliyetakiwa kuomba radhi hakuwa yeye.

Alifanya kazi polepole, akipuliza vumbi kila baada ya pigo. Saruji ilikuwa imekaa wiki nzima ikishika. Alitoboa upande mmoja, akatoboa wa pili, akaingiza tindo chini, akagonga mara moja kwa wepesi, na tofali likatoka. Likatoka vipande viwili.

Mimi nililia kwa sauti, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nimesimama uani mchana kweupe, nikilia kama siku ya msiba wenyewe, na labda zaidi, kwa sababu siku ya msiba nilikuwa na wageni wa kuwapikia. Mama hakuninyamazisha. Aliinama, akaviokota vile vipande, akavifuta kwa ukingo wa khanga. Nje lilikuwa jeusi tii. Ndani, pale lilipopasuka, lilikuwa jekundu, bichi la rangi, kana kwamba limetoka tanurini asubuhi ile. Alivigonganisha vipande viwili, vikalia kwa sauti kali, safi.

"Unasikia, Kazimili?" akauliza.

"Nasikia, mama."

"Liliiva mpaka ndani."

Jioni ile alinifundisha kulipasha, yeye ameketi kwenye kigoda na mimi nikiwa mwanafunzi. Tofali lisiwe na unyevu, litapasuka. Moto usianze kwa nguvu. Ligeuzwe kama unavyogeuza ndizi ya kuchoma, upande kwa upande, mpaka ukitema mate kidogo yaruke. Nililiweka kwenye jiko la gesi, juu ya mfuniko wa sufuria, na moto wa buluu ukalilamba bila moshi hata chembe. Mama aliutazama moto ule kwa muda mrefu. Akakiri kwamba mtungi wetu, basi, una kazi yake. Gunia jipya tulilipata kwenye kahawa iliyokaushwa, na lilipopata joto chumba chote kikanuka kahawa mbichi.

Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tatu, sawasawa na siku ya kwanza. Niliandika. Kisha nikapenyeza mkono chini ya blanketi, nikaishika miguu ya mama yangu, ilikuwa na moto kama ya mtoto aliyelala mgongoni. Alikuwa bado usingizini. Sikuona aibu kubaki pale nimeishika. Nilipolifungua daftari tena nikakuta sina safu ya kuandika jambo hilo, nikalifunga.

Nilimpigia Clever kumpa majibu, kama tulivyopatana. Nilimsomea yote, la mkaa, la gesi, la hita, na la mwisho. Aliniuliza kama amesikia vizuri, kumi na tatu, na kama hiyo si sawa na kutofanya chochote. Nikamwambia tarakimu ni sawa. Nikamuuliza kama anakumbuka tofali.

"Lilikuwa upande wa ukutani," akasema. "Mliniambia kila siku kwamba zamu yangu ni kesho."

Alikuja siku ya kumi na moja kama alivyosema, kwa gari. Alimsalimu mama kwa shikamoo ya kupiga goti, jambo ambalo Mwanza wamelipunguza, akaingia chumbani na kukiangalia kipimajoto, akakiangalia kijukwaa chenye kiraka kipya, akakaa kitandani upande wa baba. Walizungumza wawili kwa muda, mlango umerudishwa. Alipotoka alisema mwakani mwezi wa tano tutaongea tena, na kwamba atamleta fundi wa kuweka dari. Mama akasema mwakani ni mbali, na dari italeta panya. Hakuna mzigo uliofungwa.

Mzigo uliofungwa ulikuwa wangu. Clever alijitolea kunifikisha Biharamulo, na mama, badala ya mkungu wa ndizi, alileta kitu kizito kilichofungwa kwenye gunia na kunitilia begini mwenyewe, chini ya nguo. Nilijua ni nini kabla sijakigusa. Nikamwambia Biharamulo hakuna baridi, kila mtu anajua. Nikamwambia yeye ndiye anayelihitaji lote.

"Nusu inatosha," alisema. "Gaspari hakuwa mnene."

Alitusindikiza hadi barabarani. Nilisubiri lile neno lake la kila mara, la kupalia moto. Safari hii hakulisema.

Jioni ya kwanza alipiga simu kuuliza kama nimelipasha. Nilidanganya, nikasema ndiyo. Chumba changu kilikuwa na joto la kutosha kukausha nguo. Jioni ya pili aliuliza tena, nikadanganya tena, na kimya chake kikanionyesha kwamba amejua. Jioni ya tatu niliwasha jiko mapema. Nililigeuza upande kwa upande, nikatema mate yakaruka, nikalifunga kwenye gunia lenye harufu ya kahawa. Dirisha nililiacha wazi. Nilijilaza upande wangu wa kitanda, ambao kwa miaka mitatu sijawahi kuuvuka, na lile tofali nikaliweka upande wa pili. Jasho lilinitoka mpaka shuka likaloa.

Simu ilipolia nilikuwa bado macho.

"Umelipasha?" mama aliuliza.

Nilinyoosha mkono nikaligusa.

"Nimelipasha, mama," nikasema. "Bado lina moto."